Winga wa pointi 100 anabadilishwa kwa kitu gani? Mwongozo kamili wa kukadiria dau lake NHL

Shabiki aliyekulia kwenye soka akianza kufuatilia hoki ya barafu hukwama kwenye bei. Kwetu mchezaji akihama, swali la kwanza ni ameuzwa kwa kiasi gani. NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, hakuna ada ya uhamisho. Timu hulipana kwa wachezaji, kwa vijana ambao hawajaiva, na kwa zamu za kuchagua kwenye drafti, lile zoezi la kila kiangazi ambapo timu 32 hupokezana kuchukua vijana kwa raundi saba. Bei ya winga ni kikapu cha vitu hivyo, na ukubwa wa kikapu haufuati pointi zake, yaani mabao na asisti zikijumlishwa, kama unavyotarajia.

Chukua wawili. Mitch Marner alimaliza msimu wa 2024-25 na pointi 102 akiwa Toronto. Kiangazi hicho alikwenda Vegas, na Toronto walichopata ni Nicolas Roy, senta wa kawaida wa mistari ya chini, yaani vikundi vya washambuliaji visivyotegemewa sana. Miaka mitatu kabla, Alex DeBrincat alitoka Chicago kwenda Ottawa baada ya msimu wa pointi 78. Chicago walipata chaguo la 7 la drafti, chaguo la 39, na chaguo la raundi ya tatu ya 2024. Mwenye pointi chache aliondoka na kikapu kizito zaidi, na hakuna meneja aliyelala usingizini. Marner alikuwa saa chache kutoka kuwa mchezaji huru, na DeBrincat bado alikuwa chini ya haki za timu yake.

Basi anza na wazo hili: timu inanunua mkataba na haki zilizobaki juu ya mchezaji. Pointi zinaeleza tu kilichomo ndani. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Zana

Fungua karatasi ya hesabu. Hockey-Reference ina takwimu za misimu yote. Natural Stat Trick inagawanya pointi kulingana na hali ya mchezo. MoneyPuck inatoa mabao yanayotarajiwa, yaani ubora wa mashuti kabla ya kujua kama yaliingia. Mikataba iko PuckPedia. Zamani wengi tulitumia CapFriendly, lakini Washington Capitals waliinunua mwaka 2024 na Julai ikafungwa kwa umma. Timu ya NHL ikinunua tovuti nzima ya mikataba, ujue hesabu hizi wao wenyewe wanazichukulia kwa uzito.

Hatua ya kwanza: pasua pointi

Chukua misimu mitatu. Mmoja hudanganya. Kisha usiandike jumla tu, igawe.

Tenganisha mabao na asisti. Hoki inaruhusu asisti mbili kwa bao moja, na ile ya pili mara nyingi ni pasi ya mbali ambayo haikuwa na uhusiano mkubwa na bao. Winga mwenye rundo la asisti za pili mtazame kwa jicho la pili. Halafu tenganisha pointi alizopata timu zikiwa watano kwa watano na zile alizopata mpinzani akiwa na mtu kwenye kiboksi cha adhabu. Za kiboksi si bandia, lakini zinategemea kupangwa kwenye kikosi cha kwanza cha wakati huo, na timu inayonunua huenda tayari ina mtu wake pale. Mabao ya goli tupu, mpinzani akiwa amemtoa kipa dakika za mwisho, yaweke pembeni.

Kisha tazama asilimia ya mashuti yanayoingia. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Mfungaji halisi anaweza kubaki juu ya wastani wa ligi miaka mingi, lakini mtu aliyezoea asilimia 11 akipanda ghafla hadi 17, mwaka unaofuata mara nyingi hurudi alikotoka. DeBrincat alifunga mabao 41 msimu wa mwisho Chicago. Ottawa msimu uliofuata alifunga 27, na ukitazama idadi ya mashuti utaona hakuwa ameacha kupiga. Aliendelea kufyatua karibu vilevile, ila hayakuingia kama zamani. Kwa hiyo kokotoa mabao yake kwa asilimia ya wastani wa kazi yake yote, halafu tumia namba hiyo badala ya ya msimu uliopita.

Mwisho, nani alikuwa anacheza naye? Jonathan Huberdeau alipata pointi 115 Florida msimu wa 2021-22: mabao 30 na asisti 85. Alipohamia Calgary, msimu wa kwanza alipata 55. Hakuna takwimu moja ingekuonya juu ya anguko la ukubwa ule, lakini ishara zilikuwepo: mtoa pasi anayeishi kwa wamaliziaji walio karibu naye, anayehama mfumo wa kasi kwenda mfumo mwingine. Natural Stat Trick inakuonyesha mambo yanavyokwenda winga akiwa na senta wake nyota na asipokuwa naye. Tofauti ikiwa kubwa mno, punguza.

Baada ya hapo andika sentensi moja: "Namtarajia apate pointi kati ya X na Y kwa mechi 82 kwa miaka miwili ijayo." Usiandike namba moja, andika mpaka wa chini na wa juu.

Hatua ya pili: soma mkataba kama mwanasheria

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko popote.

Anza na uzito wa mkataba kwenye kikomo cha mishahara. NHL ina kikomo kigumu cha jumla ya mishahara ya timu, hakuna timu inayoweza kulipa faini na kuendelea kama kwenye ligi nyingine za Marekani. Kikomo kilikuwa dola milioni 82.5 msimu wa 2022-23, milioni 88 msimu wa 2024-25, milioni 95.5 msimu wa 2025-26, na kinapanda hadi milioni 104 msimu wa 2026-27. Kwa sababu kinapanda hivyo, mishahara ya miaka tofauti usiilinganishe kwa dola. Geuza iwe asilimia ya kikomo.

Winga Matthew Tkachuk alihamia Florida mwaka 2022 na mkataba mpya wa milioni 9.5 kwa mwaka. Gawanya kwa 82.5 unapata asilimia 11.5. Asilimia hiyo hiyo kwenye kikomo cha milioni 104 ni karibu milioni 12. Kwa hiyo ukisikia winga fulani anataka milioni 12 na ukashtuka, jua anaomba kile alichopata Tkachuk mwaka 2022. Kirill Kaprizov wa Minnesota alivuka hapo: Septemba 2025 alisaini miaka minane kwa dola milioni 136, yaani milioni 17 kwa mwaka, sawa na asilimia 16.3 ya kikomo cha msimu mkataba unapoanza. Hiyo sasa ndiyo dari ya mawinga, na mawakala wote wanaijua.

Sasa kokotoa ziada. Kadiria asilimia ya kikomo anayostahili winga wa kiwango ulichoandika kwenye hatua ya kwanza, kwa kutazama mikataba mipya ya wenzake. Toa asilimia anayolipwa kweli. Zidisha kwa miaka iliyobaki. Winga anayestahili asilimia 11 na analipwa 7 kwa miaka mitatu ana ziada ya jumla ya asilimia 12 ya kikomo, na hiyo ni mali ambayo timu nyingine italipia. Winga anayestahili 11 na analipwa 11 hana ziada hata akifunga mabao 45. Atalipiwa kwa sababu wachezaji wa aina yake hawapatikani dukani kila siku, lakini bei itakuwa ya wasiwasi.

Kisha tazama nani ana haki zake mkataba ukiisha. Akiwa hajafikisha miaka 27 na hajacheza misimu saba, kwa kawaida timu bado inamshikilia mkataba unapoisha. Haki hiyo ina thamani kubwa, ila ina mitego. DeBrincat alifika Ottawa akiwa amebakiza mwaka mmoja, na kwa jinsi mkataba wake ulivyopangwa, Ottawa wangelazimika kumpa ofa ya mwaka mmoja ya dola milioni 9 ili kuzilinda haki zao. Hakutaka kubaki muda mrefu. Kiangazi cha 2023 wakampeleka Detroit kwa Dominik Kubalik, kijana Donovan Sebrango, chaguo la raundi ya kwanza lenye masharti na la raundi ya nne. Detroit wakamfunga kwa miaka minne kwa milioni 7.875 kwa mwaka. Ofa ya kulinda haki haionekani kwenye ukurasa wa takwimu. Itafute kwenye PuckPedia.

Kipengele cha tatu ni kifungu cha kutohamishwa bila ridhaa. Mwenye kifungu hicho ndiye anayechagua soko, na soko lenye mnunuzi mmoja halina mnada. Februari 2023 Patrick Kane, aliyetoka kwenye msimu wa pointi 92, alitaka kwenda New York Rangers tu. Chicago waliishia na chaguo la raundi ya pili lenye masharti kama mali ya msingi. Kwa mchezaji aliyewaletea makombe matatu, inauma, lakini wangefanyaje? Ukikuta kifungu kamili, punguza makadirio yako kwa theluthi kabla hujaendelea. Hicho ni kipimo changu, si sheria ya ligi. Kikiwa cha orodha ya timu kadhaa tu, punguza kidogo.

La nne ni nani atabeba mshahara. Timu inayouza inaweza kubaki na hadi nusu ya uzito wa mkataba, kwa mikataba isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja. Hadi msimu wa 2024-25 timu ya tatu nayo iliweza kuingia katikati papo hapo na kubeba sehemu kwa malipo ya chaguo la drafti. Kila milioni inayobebwa inaongeza idadi ya timu zinazoweza kumudu, na wanunuzi wakiongezeka kikapu kinavimba.

Hatua ya tatu: umri

Fupi. Mawinga wengi hufunga zaidi kati ya miaka 22 na 28. Kuanzia 30 kila mwaka unahesabiwa dhidi yako, na wapiga mashuti hudumu muda mrefu kidogo kuliko wale wanaoishi kwa kasi. Kama mnunuzi anatarajia kumpa mkataba mrefu, kadiria miaka mitatu ya mwisho kama hasara tangu sasa.

Hatua ya nne: muuzaji amebanwa wapi?

Thamani ya winga inabadilika muuzaji akiwa na kisu shingoni, na wakati mwingine kisu hicho hakimhusu mchezaji kabisa. Minnesota mwaka 2022 walikuwa na Kevin Fiala, mabao 33 na pointi 85, bado chini ya haki zao. Lakini walikuwa wamevunja mikataba ya Zach Parise na Ryan Suter mwaka mmoja kabla, na adhabu yake ilikuwa inakula zaidi ya dola milioni 12 za kikomo msimu uliofuata. Hawakuweza kumlipa. Los Angeles walijua, ligi nzima ilijua. Pamoja na hayo walitoa chaguo la 19 na beki kijana Brock Faber, kwa sababu timu nyingine pia zilimtaka. Faber baadaye akawa mmoja wa mabeki muhimu wa Minnesota. Somo la kikokotoo: muuzaji aliyebanwa hapati bei mbaya kama wanunuzi ni wengi. Bei inaporomoka pale shinikizo na mnunuzi mmoja vinapokutana.

Tkachuk ni kisa cha upande wa pili. Aliwaambia Calgary hatasaini mkataba mrefu. Alikuwa na miaka 24, mabao 42 na pointi 104. Calgary wakawapa Florida Tkachuk na chaguo la raundi ya nne, wao wakapokea Huberdeau, beki MacKenzie Weegar, Cole Schwindt na chaguo la raundi ya kwanza. Siku ile wengi walisema Calgary wameokoka kwa ustadi, maana Huberdeau alikuwa na pointi nyingi zaidi. Ukitumia hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, picha inageuka: mmoja ana miaka 24 na mkataba wa miaka minane mkononi, mwingine ana 29, amebakiza mwaka mmoja, na nyongeza aliyopewa baadaye ni milioni 10.5 kwa miaka minane. Florida walibeba kombe 2024 na 2025.

Hatua ya tano: jaza kikapu

Sasa geuza uliyoandika yawe vitu. Tafuta mabadilishano matatu au manne ya mawinga walio karibu na wako kwa pointi, umri, na hali ya mkataba. Hali ya mkataba ndiyo ya kwanza kulinganisha. Mchezaji wa kukodi, yaani anayemaliza mkataba kiangazi, linganisha na wa kukodi wenzake. Jake Guentzel Machi 2024 alitoka Pittsburgh kwenda Carolina kwa Michael Bunting, vijana watatu na machaguo yenye masharti, Pittsburgh wakibeba robo ya mshahara. Juni 30 mwaka huohuo, siku moja kabla ya kuwa huru, Carolina waliwapa Tampa Bay haki za kuzungumza naye kwa chaguo la raundi ya tatu. Ndani ya miezi minne bei ilishuka kutoka kikapu kizima hadi tiketi moja, kwa sababu ya kalenda tu.

Raundi ya kwanza isikutie mchecheto. Chaguo la 3 na chaguo la 29 yote huitwa raundi ya kwanza, lakini la 3 mara nyingi ni nyota na la 29 ni kamari. Timu inayonunua winga huwa nzuri, kwa hiyo chaguo lake huwa la mwishoni. Soma pia masharti: "chini ya ulinzi wa kumi bora" maana yake likiangukia kumi za kwanza, mwenyewe analibakiza na kulipa mwaka mwingine.

Kijana aliyekwisha kucheza NHL na kuthibitisha ana uzito kuliko machaguo mawili ya mwishoni mwa raundi. Mashabiki wengi hukosea hapa, wanarundika machaguo sita wakidhani wametoa ofa nono. Meneja anayempoteza winga nyota anataka mtu wa kumvalisha jezi Oktoba, msimu unapoanza.

Hatua ya sita: jaribu kwa kisa kimoja, mwanzo hadi mwisho

Januari 2025, Mikko Rantanen wa Colorado. Misimu miwili iliyotangulia alipata pointi 105 kisha 104. Msimu huo alikuwa na 64 kwa mechi 49. Miaka 28. Mkataba wa milioni 9.25, ambao kwenye kikomo cha 88 ni asilimia 10.5, na unaisha kiangazi.

Hatua ya kwanza: pointi 95 hadi 105, ila sehemu kubwa akiwa pamoja na senta nyota Nathan MacKinnon, punguza hadi 85–100. Hatua ya pili: miezi mitano imebaki, ziada ni ndogo kwa sababu muda ni mfupi. Thamani halisi iko kwenye nafasi ya kumsainisha. Hapo tengeneza mistari miwili: bei asiposaini, na bei akisaini.

Carolina walimchukua bila saini, Chicago, timu ya tatu, wakibeba nusu ya mshahara na kumtoa pia winga Taylor Hall kwenye dili hilo. Colorado walipata Martin Necas, Jack Drury, chaguo la raundi ya pili na la nne. Necas ndiye kiini: miaka 26, milioni 6.5, mkataba hadi mwisho wa 2025-26. Hakuna chaguo la raundi ya kwanza hata moja. Colorado walinunua ziada na miaka.

Carolina hawakufikia makubaliano naye. Akacheza mechi 13, mabao 2. Machi 7, siku ya mwisho ya dirisha, wakampeleka Dallas kwa Logan Stankoven, machaguo mawili ya raundi ya kwanza, 2026 na 2028, na mawili ya raundi ya tatu. Mabao 2 katika mechi 13 hayakuishusha bei, kwa sababu safari hii mnunuzi alipata saini: miaka minane, milioni 12 kwa mwaka. Kumchukua kabla dirisha halijafungwa ndiko kulikowapa Dallas haki ya kumpa mwaka wa nane, maana chini ya mkataba wa ligi wa wakati huo timu nyingine ziliishia miaka saba. Bei ya mstari wa pili ndiyo hiyo. Mei 3, mechi ya saba dhidi ya Colorado, Rantanen alifunga mabao matatu kwenye kipindi cha tatu na Dallas wakasonga mbele 4-2.

Angalia tena hesabu ya Carolina: walitoa Necas na kuishia na Stankoven na machaguo mawili ya kwanza. Mimi naona walitoka sawa, au karibu. Mwingine ataona Necas, aliyekuja kusaini na Colorado kwa milioni 11.5, kuwa ndiye aliyekuwa mali bora kwenye meza zote mbili. Wote tunaweza kuwa sahihi kwa sababu mpaka wa makadirio ni mpana kiasi hicho, na ndiyo maana nasisitiza uandike namba mbili badala ya moja.

Siku ya mwisho ya dirisha

Makadirio ya wiki iliyopita yamechakaa. Asubuhi hiyo pitia tena vitu vitatu: nafasi ya kikomo iliyobaki kwa kila timu inayomtaka, nani ameumia tangu jana, na kama winga mwingine wa daraja lake amekwisha kuondoka. Akiondoka mmoja, waliomkosa hupanda dau kwa aliyebaki. Wakiondoka wanunuzi wawili, shusha mpaka wa juu na usiguse wa chini. Dili likitangazwa, usikimbilie kuhukumu kwa majina. Subiri masharti ya machaguo yaandikwe, yaingize kwenye karatasi yako, kisha ulinganishe na ulichokadiria.